Barua kwa Mwanangu kuhusu Neno Hemera

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako; sisi hatujambo. Umeniuliza kama neno la Kigiriki hemera (ἡμέρα), linalotumika katika sura ya kwanza ya Mwanzo, lina maana ya siku ya saa 24 au ya kipindi kirefu kisicho na kipimo, kwa kuwa wenzako wa somo la Biblia wamegawanyika na kila upande unadai kwamba Kigiriki kinauunga mkono. Nimefurahi kuulizwa. Neno hili nimelifundisha kwa miaka mingi, na linaniuma ninapoona likikatwa kipande ili kushinda ubishi.

Kwanza ukumbuke kwamba Mwanzo kiliandikwa kwa Kiebrania, na neno lililomo humo ni yom. Hemera limetoka katika tafsiri ya Kigiriki iliyofanywa na Wayahudi wa Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, tunayoiita Septuaginta. Kwa hiyo neno hilo linatuonyesha jinsi watafsiri hao walivyoielewa sura ile, na huo ni ushahidi wa thamani, lakini hauwezi kuwa ndio wa mwisho.

Kiini cha hemera ni mwanga, yaani mchana, muda ulio kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Mshairi Hesiodo alimsimulia Hemera kuwa ni binti wa Usiku na Giza, akasema kwamba mama na binti hupishana na kusalimiana kwenye kizingiti kikubwa cha shaba, mmoja akiingia na mwingine akitoka, wala nyumba yao haiwahi kuwa nao wote wawili kwa wakati mmoja. Naye mwanafalsafa Plato, katika maandishi yake, alimfanya mwalimu wake Sokrate aeleze kwamba watu wa kale waliuita mchana hivyo kwa sababu waliutamani mwanga unapotoka gizani, kwani neno la Kigiriki la kutamani linafanana nalo kwa sauti. Wataalamu wa leo hawaikubali asili hiyo, lakini inaonyesha vizuri kile ambacho sikio la Mgiriki lilikisikia katika neno hilo.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, mchana na siku, na hilo la pili ni ndugu wa usiku, maana wazee wetu wa Kibantu walihesabu kwa kulala. Mgiriki alitumia hemera kwa yote mawili, na ndiyo sababu katika Mwanzo 1:5 neno hilo linakuja mara mbili ndani ya mstari mmoja kwa ukubwa tofauti: Mungu anaiita nuru hemera, kisha inakuwa jioni, inakuwa asubuhi, hemera mia. (Mia hiyo ni moja kwa Kigiriki, usiichanganye na mia yetu.) Watafsiri wetu wa Kiswahili waliandika Mchana mahali pa kwanza na siku moja mahali pa pili, nami naona walifanya vema sana, kwa sababu msomaji wao anauona mpaka ambao msomaji wa Kigiriki ilimbidi autambue mwenyewe kutokana na maneno jirani.

Mgiriki alipotaka kuhakikisha kwamba nusu zote mbili zimehesabiwa, alikuwa na neno nychthemeron, usiku na mchana kwa pamoja. Paulo analitumia katika 2 Wakorintho 11:25 anapoeleza jinsi alivyokaa kilindini baada ya kuvunjikiwa jahazi, na Biblia yetu ya Kiswahili ya tafsiri ya Union inasema “kuchwa kucha”. Sijaona lugha nyingine iliyolipata neno hilo kwa ufupi na uzuri kama huo. Angalia pia kwamba usiku unatangulia. Waathene, kama Wayahudi, walianza siku yao jua linapozama, na hata watu wa pwani yetu wanaposema usiku wa Ijumaa kwa desturi ya zamani, wana maana ya usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa hiyo jioni kutajwa kabla ya asubuhi katika Mwanzo hakukumshangaza msomaji wa wakati ule.

Sasa yapo matumizi ya tatu, na hapo ndipo wenzako wa upande wa pili, wale wa kipindi kirefu, wanaposimamia. Homeri, mshairi wa kale wa Wagiriki, ambaye hutumia zaidi umbo la kale emar, husema siku ya kurudi nyumbani, siku ya uhuru, siku ya utumwa. Katika utenzi wake uitwao Odisea, mchunga nguruwe Eumayo anasema kwamba Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, humwondolea mtu nusu ya ubora wake pindi siku ya utumwa inapomshika. Hakuna anayehesabu saa katika maneno hayo. Siku ni lile linalomfika mtu na kuyageuza maisha yake. Ndivyo pia Paulo anavyoandika katika 1 Wakorintho 4:3 kwamba si kitu kwake kuhukumiwa na “hemera ya kibinadamu”, yaani na baraza la hukumu la wanadamu. Na Mwanzo 2:4 chenyewe kinasema kwa Kigiriki “katika hemera ambayo Mungu alizifanya mbingu na nchi”, ambapo kazi yote ya sura ya kwanza inakusanywa katika neno hilohilo.

Je, upande wa pili umeshinda? La. Neno halibebi maana zake zote kila linapotajwa. Likifuatana na namba, jioni na asubuhi, msomaji wa Kigiriki alielewa siku ya kawaida. Askofu Basili wa Kaisaria, aliyekuwa na Kigiriki kama lugha yake, aliuliza katika karne ya 4 kwa nini maandiko yamesema “siku moja” badala ya “siku ya kwanza”, akajibu kwamba yalikuwa yakiweka kipimo, kwani saa 24 zinatimiza siku moja. Lakini katika hotuba hiyohiyo aliendelea kuiona siku hiyo moja kuwa ni mfano wa umilele, siku isiyo na jioni. Hakuona kwamba jambo la pili linalifuta la kwanza.

Kwa hiyo waambie wenzako kwamba katika hesabu ya sura ya kwanza hemera ni siku ya kawaida kwa jinsi lugha inavyokwenda. Anayeamini vipindi virefu ana haki ya kutoa hoja zake, kwa mfano kwamba jua linatajwa siku ya nne tu, lakini asiitafute hoja hiyo katika kamusi ya Kigiriki. Naye anayetetea saa 24 asidhani kwamba maana ya neno ikithibitika, basi kusudi la sura nzima nalo limekwisha kuthibitika. Mkiwa na nafasi, someni pamoja Amosi 5:18, ambapo nabii anaionya Israeli kwamba siku ya Bwana ni giza, wala si nuru. Kwa Kigiriki siku hiyo ni hemera, na sasa unajua jinsi maneno hayo yalivyoligonga sikio la msikilizaji.

Mimi baba yako akupendaye