Usiku ambao mzee wa Kibirizi aliukataa mchoro wangu

Juma lililopita niliandikiwa na msomaji wa Urambo anayeshughulika na takwimu za mauzo ya tumbaku. Anasema kila mwisho wa mwezi hutumia siku tatu kupanga majedwali kwa mkono na kuchora grafu upya, akaniuliza ni kitufe gani kitakachompunguzia kazi. Ndugu yangu, kitufe hicho hakipo, nami nililijua hilo kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita niliichambulia ofisi moja ya hapa Kigoma rekodi za dagaa wanaopokelewa katika mialo, yaani sehemu za kupokelea samaki ufukweni, ya Kibirizi na Katonga. Nilifungua faili katika Excel, nikapanga tarehe, nikafuta mistari niliyoiona mibovu, nikahifadhi juu ya faili lilelile, kisha nikachora grafu ya kupendeza. Tulipoiwasilisha mbele ya wavuvi, mzee mmoja alisimama, akaonyesha kilele kirefu kuliko vyote, akasema: “Mwanangu, usiku huo mwezi ulikuwa mpevu. Nani aliingia ziwani?”

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa sababu hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu na mitumbwi mingi hupumzika. Nilirudi kwenye madaftari ya mialo, nikakuta kwamba nilikuwa nimeipanga safu ya tarehe peke yake, safu ya kilo ikabaki palepale, hivyo kila shehena ilipewa siku isiyo yake. Faili la awali halikuwapo tena. Ofisi ile haikuniita tena, na ripoti yao iliyofuata ilitoka bila jina langu, ingawa majedwali yake mengi niliyajaza mimi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ndipo nikajifunza R, programu ya bure ya kuchambua takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba kila hatua huandikwa kuwa amri ndani ya skripti, yaani faili la maandishi ambalo kompyuta hulifuata mstari kwa mstari. Data ghafi, yaani ile ya mwanzo ambayo haijasafishwa, hukaa kwenye folda yake na haiguswi kamwe. Skripti huisoma, huisafisha na kuichora, na nikikosea, kosa langu limeandikwa, linaonekana na linasahihishika. Usiguse data ghafi. Narudia kwa sababu najua utaigusa.

Swali la yule mzee nililigeuza kuwa amri. Mwezi huchukua wastani wa siku 29.53 kutoka mwandamo hadi mwandamo, na tarehe 6 Januari 2000 ulikuwa mwezi mchanga. Ukihesabu siku zilizopita tangu hapo, ukagawanya kwa 29.53 na kuchukua baki, unapata umri wa mwezi kwa kila usiku wa uvuvi kwa ukaribu unaotosha. Nikaipa kila nukta rangi kulingana na umri huo, nikachora kwa ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea grafu, kisha nikaupitisha mchoro kwenye plotly, kifurushi kingine kinachoufanya mchoro uitikie kipanya, ili ukipeleka kipanya juu ya nukta uone tarehe, mwalo, kilo na namba ya mstari katika faili la data ghafi. Namba hiyo ya mstari usiiache, maana bila hiyo mchoro wako utapendeza tu na hautahojika. Yote huhifadhiwa kuwa faili moja linalofunguka kwenye kivinjari hata pasipo intaneti.

Enyi wenzangu mnaotaka kuitwa wachambuzi, acheni kuwapelekea watu picha wasizoweza kuzihoji. Mvuvi ana haki ya kuuliza nukta imetoka wapi, na mkulima wa tumbaku vilevile.

Mwezi uliopita nilimpelekea mzee yule kompyuta nyumbani kwake. Alishika kipanya mwenyewe, akasimama juu ya nukta moja ya mwezi mpevu yenye kilo nyingi mno. Namba ya mstari ilitupeleka kwenye daftari, tukakuta ni dagaa wakavu walioletwa kuuzwa, wakaandikwa kana kwamba ni wabichi. Niliongeza amri moja ya kuwatenga wakavu, nikaendesha skripti upya tukiwa bado tunakunywa chai.