Beseni linalovuma: maswali yenu kuhusu kusafisha vyuma vya bunduki kwa mawimbi

Safari hii barua nyingi zinauliza kuhusu mashine ya ultrasoniki (inayosafisha kwa mawimbi ya sauti yaliyo juu ya uwezo wa sikio), lile beseni la chuma linalovuma kama nyuki waliofungiwa koponi. Majibu yote yanachukulia kwamba silaha ni yako kihalali, magazini imetolewa, chemba (pale risasi inapokaa) imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na risasi ziko chumba kingine.

SWALI: Nina bastola moja na bunduki ya bolti (chuma cha kufungia chemba, unachokivuta kwa mkono). Naona mashine za nusu lita, lita 2, 3 na 6. Ninunue ipi? Na je, wati nyingi ndiyo nguvu ya kusafisha?

JIBU: Shika rula kabla hujashika pochi. Pima chuma kirefu kuliko vyote utakavyoingiza. Kwenye bastola ya ukubwa wa kawaida huwa ni slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, sentimita 17 hadi 20. Kisha linganisha na vipimo vya ndani ya kikapu, si vya beseni, maana kikapu nacho kinakula nafasi. Beseni la lita 2 lililozoeleka lina urefu wa sentimita 15 tu, kwa hiyo slaidi haitalala humo. La lita 3 huwa na sentimita 24 kwa 13.5, kina 10, na kwa silaha zako mbili linatosha. La lita 6 (30 kwa 15 kwa 15) ni la mtu anayesafisha silaha za watu. Ukilinunua kwa bastola moja utakuwa unamwaga dawa ya kusafishia bure kila mara. Vile vya nusu lita vya kusafishia miwani na vito ni vya pini, springi na skrubu, basi.

Wati zinadanganya. Kibandiko kikiandika 220, uliza ngapi ni za mawimbi na ngapi ni za hita. Lita 3 zikiwa na wati 120 za mawimbi, uko vizuri. Masafa ya mawimbi (wingi wa mitikisiko kwa sekunde) yawe kilohezi 40. Ukishuka hadi 25, viputo vinavyozaliwa majini ni vikubwa na vinapiga kwa ukali unaoweza kuchuna rangi. Ukipanda 80 na zaidi vinakuwa laini mno, na masizi yaliyoungua hayatikisiki.

Hita nayo ina hila yake. Ya wati 100 inahitaji karibu saa moja na nusu kupandisha lita 3 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60, na hapo hatujahesabu joto linalopotea hewani. Kwa hiyo mimina maji yaliyokwisha kupashwa moto, hita ikazie tu. Ukipata mashine yenye kitufe cha kuyumbisha masafa, ichukue: inapunguza zile sehemu za beseni ambazo mawimbi hayapigi. Bomba la kutolea maji kwa chini ni anasa kwenye lita 3, ila kwenye lita 6 ni lazima, vinginevyo mgongo utakuambia.

SWALI: Nilisafisha slaidi na bolti usiku, zikang'aa. Nikazifuta kwa taulo, nikalala. Asubuhi zina vumbi la rangi ya chungwa. Je, dawa ilikuwa mbovu?

JIBU: Dawa haina kosa. Mashine ilifanya kazi yake hadi mwisho. Mawimbi yanazaa viputo vidogo sana vinavyojikunja na kupasuka juu ya chuma, hata ndani ya njia ya pini ya kufyatulia ambako brashi haifiki. Vinang'oa masizi, na pamoja nayo vinang'oa oili yote iliyokuwa imejificha kwenye vinyweleo vya chuma. Kinachotoka beseni ni chuma kilicho uchi, chenye joto na unyevu. Taulo inafuta juu tu, na maji yaliyobaki chini ya kikucha cha kuvutia ganda yanalala humo usiku kucha.

Fanya hivi. Kwanza futa grisi nzito kwa kitambaa, maana ikiingia majini inaelea na kurudi kupaka kila kitu unapokitoa. Changanya dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye chupa. Nyingi ni sehemu 1 kwa 10 au 1 kwa 20 za maji, yaani kwa lita 2.5 za maji ni mililita 250 au 125. Jaza hadi kwenye alama, usipungukiwe. Kabla ya kuingiza chuma chochote, washa mashine dakika 5 hadi 10 peke yake ili hewa iliyoyeyuka majini itoke. Hewa hiyo inameza nguvu ya viputo, na anayeruka hatua hii ndiye baadaye anayelalamika kwamba mashine haifai.

Vyuma vilale kwenye kikapu, safu moja, visigusane. Vikigusana vinasagana rangi. Visiguse sakafu ya beseni hata kidogo, kwa kuwa vibadilishi, vile vifaa vinavyogeuza umeme kuwa mawimbi, vimegundishwa chini yake. Nyuzi 50 hadi 60. Dakika 5, geuza, dakika 5 nyingine. Bado kuna ukoko? Upige brashi ya nailoni, utalegea, kisha urudishe dakika 3. Kuacha nusu saa nzima hakuongezi usafi, kunahatarisha rangi.

Sasa ile sehemu uliyoiruka. Suuza kwa maji moto sana, ikiwezekana yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (hakikisha ni maji matupu, si asidi!). Moto wake unasaidia kukausha. Pulizia kompresa kwenye njia ya pini, chini ya kikucha, kila tundu la skrubu na kila springi. Kama huna kompresa, tumia draya ya nywele kwa dakika 10. Kisha, vyuma vikiwa bado vuguvugu, vizamishe kwenye oili nyepesi inayofukuza maji, vitikise, vitundike vichuruzike. Usiende kunywa chai katikati. Vikishachuruzika, futa ziada na uache njia ya pini ikiwa karibu kavu kabisa, kwani oili nzito humo inashika uchafu na kupunguza kasi ya pini. Unga silaha, ikiwa tupu jaribu bolti, kifyatulio na kitufe cha usalama, na ukague kila skrubu: gundi ya nati mara nyingine inalegea kwa joto na mtikisiko.

Hilo vumbi la chungwa, likiwa la usiku mmoja, linatoka kwa oili na sufi laini ya chuma, ukisugua kidogo kidogo.

SWALI: Naweza kutumia petroli au thina badala ya dawa ya dukani?

JIBU: Hapana. Mashine inapasha moto na kurusha mvuke, na chini yake kuna umeme. Hata ukiweka petroli ndani ya chupa ya kioo na chupa ndani ya maji, mvuke ni uleule. Jiki na dawa zenye klorini nazo ziache, zinatoboa beseni na chuma chako pia.

Njia ya chupa yenyewe ni nzuri kwa dawa ya maji: jaza beseni maji na matone ya sabuni, tumbukiza chupa ya kioo yenye dawa na skrubu zako, washa. Unatumia mililita 200 badala ya lita mbili na nusu.

SWALI: Vitu gani visiingie kabisa?

JIBU: Risasi nzima, na ganda lenye kiwashio (kile kitako kidogo kinachowasha baruti) ambacho hakijapigwa. Hapo hakuna mjadala.

Halafu mbao, lulu na pembe za kwenye mpini, darubini, na vilengeo vyenye taa ya tritiamu (gesi inayong'aa gizani), maana vijichupa vyake ni vya kioo. Nukta nyeupe zilizopakwa kwa rangi zinaweza kung'oka. Nikeli iliyoanza kupasuka itabanduka maganda.

Kinachowaponza wengi, hata hivyo, ni dawa kuliko mawimbi. Bunduki yenye rangi ya bluu-nyeusi ya kizamani isiguswe na dawa yenye asidi, hata ya limau, wala dawa ya kuondoa kutu: rangi hiyo kimsingi ni kutu iliyofugwa, na dawa haiwezi kutofautisha kutu njema na mbaya. Fremu ya alumini inaogopa upande wa pili, dawa kali za alkali. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni salama kwa alumini. Shaba ya njano haipatani na amonia, inaweza kuifanya ipasuke.

SWALI: Je, mtutu nao?

JIBU: Mtutu wa bastola ukienea wote, sawa. Wa bunduki ndefu usiuchovye nusu, utaacha mstari pale maji yalipoishia. Na usitarajie miujiza ndani ya mifuo, ile mikwaruzo inayozunguka ndani ya mtutu: masizi yanatoka, lakini shaba nyekundu iliyopakwa na risasi inabaki. Hiyo ina dawa yake na ufito wake. Ambapo maji yanashinda ni baada ya kupiga risasi za zamani za kijeshi zenye viwashio vya klorati. Zinaacha chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye oili, inayeyuka kwenye maji.

SWALI: Maji yakishakuwa meusi nayamwaga wapi?

JIBU: Si kwenye sinki, si bustanini. Lugha yetu imeita risasi ya bunduki na madini ya risasi kwa jina moja, na weusi ule umebeba madini hayo, kutoka kwenye kichwa cha risasi na kwenye kiwashio. Yahifadhi kwenye dumu lenye kibandiko na uyapeleke panapopokelewa taka za sumu. Vaa glavu za nitraili, funika beseni linapofanya kazi, fungua madirisha, na usitie mkono ndani likiwa limewashwa. Beseni hilo lisirudi tena kusafisha miwani, pete wala chuchu ya chupa ya mtoto.

SWALI: Yangu inavuma vizuri lakini haisafishi kama zamani.

JIBU: Kata kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, kishikilie kwa waya kisimame wima katikati ya maji bila kugusa chini, washa sekunde 60. Kikitoka na vitobo na vinundu kila mahali, mashine ni nzima na shida ni dawa iliyochoka, maji baridi au hewa ambayo haijatolewa. Kikiwa na vitobo upande mmoja tu, na ukirudia kwa kipande kingine upande uleule wa beseni unabaki bila vitobo, kibadilishi kimoja kimekufa au kimebanduka gundi. Mara nyingi hilo hutokea kwa beseni lililowashwa likiwa tupu.