Kaka, nivae nini?

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia ujumbe usiku wa manane: "Kaka, mimi ni shoga. Nyumbani hawajui, kazini hawajui. Nimechoka kuvaa kama mlinzi wa zamu. Nataka nguo zangu ziseme kitu. Nianzie wapi?" Nimeusoma mara tatu. Huyo ni mimi kabisa wa miaka 15 iliyopita, ila mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Basi ngoja nianze na aibu zangu.

Nilipopita miaka 20 nilikuwa navaa mashati ya kijivu yanayonipwaya, namba mbili zaidi ya mwili wangu. Niliamini kitambaa kingi kitaficha mwendo wangu na mikono yangu inayoongea kuliko mdomo. Kabla ya kutoka nilisimama mbele ya kioo, na wala sikuwa natazama kama nimependeza. Nilikuwa natafuta kitakachoniumbua. Kuvaa kila asubuhi kwa ajili ya watu unaowaogopa kunachosha, jamani, na uchovu wenyewe hauishi kwa usingizi.

Kisha nikajikubali, nikaharibu kwa upande wa pili. Mitandaoni nilikuwa naona wanaume wenzangu wametupia mashati ya kubana, vifua mbele. Nikanunua shati la namna hiyo. Kifua sikuwa nacho. Kwenye sherehe ya rafiki nikanyoosha mkono kuchukua glasi, kifungo cha tatu kikafyatuka, kikatua mezani mbele ya mama mmoja wa heshima zake. Akakiokota, akanikabidhi kiganjani. "Mwanangu," akasema, "hili shati linalia."

Yule mama hakuniumiza. Aliyeniumiza ni mtu niliyempenda. Tulikuwa na mwaka mmoja pamoja, na jioni hiyo nilivaa shati la hariri lenye maua, la kwanza nililolichagua mwenyewe bila kuiga mtu. Tulipotoka tu akaanza kutembea mbele yangu, hatua kama kumi hivi. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Tulipofika akanigeukia, akasema kwa upole kabisa: "Ukivaa hivyo, unanivua mimi."

Lile shati ninalo hadi leo, limekunjwa chini ya sanduku. Nimeshamsamehe. Nadhani.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, nikitaka kujua kama kuna aliyewahi kusumbuliwa na jambo hili kabla yangu. Kumbe tupo wengi. Mwaka 1892, London, mwandishi Oscar Wilde aliwaambia rafiki zake waende kwenye uzinduzi wa mchezo wake wa kuigiza wamechomeka ua la kijani kwenye koti. Ua lenyewe ni karnesheni (carnation), na kijani chake kilikuwa cha kutiwa rangi. Mwanzoni mwa karne ya 20, New York, tai nyekundu ilikuwa ishara kwa wanaojuana. Na miaka ya 1970 Wamarekani wakafika mbali zaidi: leso ya rangi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, na rangi yake pamoja na upande ilipokaa, kushoto au kulia, vinasema mwenyewe anapenda nini chumbani. Hapo naona walizidisha kidogo. Mimi hata funguo nasahau niliweka mfuko gani.

Lakini ona vitu vyenyewe vilivyo vidogo: ua, tai, leso. Anayejua anaona, asiyejua anapita. Wale wazee walichagua wa kuongea naye. Mimi na shati langu la kubana nilikuwa napigia kelele ukumbi mzima, halafu nashangaa kwa nini sina mazungumzo na mtu.

Kuna na upande mwingine. Miaka hiyohiyo ya 1970, mtaa wa Castro, San Francisco, wanaume walichoka kuambiwa shoga ni mtu laini, wakaamua kuvaa kama wakata miti: masharubu, jinzi, shati la drafti, buti. Ilikuwa jeuri tamu. Ila baada ya muda kila mtu alikuwa na masharubu yaleyale, hadi wakabandikwa jina la "nakala". Nikasoma hapo nikacheka peke yangu, maana mimi pia nilitoka kwenye sare moja nikaingia nyingine, na ya pili ilinikata kwapa.

Nilichofanya mimi ni hiki. Nilimpelekea fundi koti langu la zamani, akalibana kiunoni na kupunguza mikono, likakaa. Kwenye mfuko wa kifuani nikaweka kitambaa cha kijani. Basi. Mwezi uliopita nimelivaa kazini siku ya kuwasilisha mradi wangu, na ngoja nijisifu: nilipendeza, na mradi ukapita. Kwenye lifti mwenzangu mmoja, ambaye kwa miaka miwili tumekuwa wa salamu tu, akakitazama kile kitambaa, akauliza taratibu, "Kijani hicho ni cha makusudi?" Nikamwambia ndiyo. Siku hizi tunakula pamoja mchana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na kitu kimoja. Kidogo. Pete, soksi, skafu, kitambaa, chochote unachoweza kukivua haraka ukiona mazingira yamebadilika, maana unaijua hali ya unapoishi kuliko mimi, na hakuna nguo inayostahili kipigo. Tafuta fundi mzuri. Nguo iwe ya bei yoyote, mwilini ikae. Na anza na kitu kimoja, narudia, usije ukaamka kesho umevaa upinde wa mvua mzima.

Na hili nawaambia wote, si yeye peke yake. Tuache kuchekana. Tunamwona mwenzetu kapaka wanja na kavaa hereni ndefu, tunasema "anatuaibisha". Tunamwona mwingine na suti yake nyeusi, tunasema "anajificha huyo". Huyo wa wanja ndiye anayekula matusi ya mtaa mzima huku sisi tukipita kimya na vitambaa vyetu mfukoni. Na huyo wa suti hujui anamlea nani. Aliyenitangulia hatua kumi jioni ile naye alikuwa shoga kama mimi. Ningekuwa nimetukanwa na mpita njia, leo nisingekuwa nakumbuka.

Kijana kanijibu jana kwa picha: miguu miwili chini ya meza ya ofisi, suruali nyeusi, viatu vyeusi, na katikati soksi za zambarau kali. Moja imetoboka kisiginoni. Kaandika, "Kaka, hakuna aliyeona, ila nimetabasamu siku nzima."