Makohozi "hayana kitu," dozi ya nini?

*Shikamoo Mama. Mdogo wangu ni konda wa daladala, ana TB. Katumia dawa miezi miwili, kikohozi kimekata, kanenepa, makohozi yamepimwa hayana kitu. Wiki nzima sasa hagusi vidonge, anasema vinamfanya akojoe rangi ya chungwa na wadudu wameshakufa. Kama bado wapo, wako wapi?*
*Dada Mtu, Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba mwanangu. Mkojo usimtishe, hiyo ni rangi ya rifampisini tu, mojawapo ya dawa zake za TB.

Hilo la "hayana kitu" ndilo langu, maana nimelisoma kwenye darubini miaka mingi hapahapa Dar. Unapaka makohozi kwenye kioo, unamwaga rangi nyekundu, unapitisha moto wa spiriti chini yake mpaka yafuke mvuke, halafu unamwaga asidi. Vingine vyote vinaachia rangi. Mdudu wa TB ana ganda la nta, haachii. Unamkuta kijiti chekundu kwenye uwanja wa buluu. Lakini ili nimwone, mililita moja ya makohozi lazima iwe na wadudu kama 5,000 mpaka 10,000. Chini ya hapo naandika "hawakuonekana." Sikuwahi kuandika "hawapo."

Wako wapi? Ndani ya seli zilezile za ulinzi wa mwili, askari wetu. Seli ikimmeza mdudu humfungia kwenye kifuko, kisha kifuko hicho huungana na kingine chenye asidi ya kumsaga. Huyu wa TB huzuia vifuko visiungane. Basi anakaa humohumo tumboni mwa askari, anakula mafuta yake, hata kolesteroli. Mwili ukimzungushia ukuta wa seli na oksijeni ikapungua, anatulia, karibu haongezeki. Hata akiwa na nguvu zake si mwenye haraka: hujigawa mara moja kwa saa 20 hivi, wakati baadhi ya bakteria wa tumboni huweza kujigawa kila dakika 20.

Sasa isoniazidi, dawa nyingine kwenye dozi yake, humuua anapojenga ganda. Aliyetulia anajenga nini? Ndiyo maana dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, zimsubiri kila anapoamka.

Arudi kliniki kesho kabla ya zamu, na siku alizoruka azitaje zote. Asimeze mbilimbili kufidia. Akiona aibu, mwanangu, panda naye gari.