"Watu watasemaje?" Maswali ya wasomaji kuhusu hadithi za Bara Hindi

*Mbona katika riwaya za Wahindi watu wanaangamia na adui haonekani? Polisi wapo, lakini wanafika mwishoni. (Msomaji, Tanga)*

Wanafika mwishoni kwa sababu jamaa wameshamaliza kazi. Kihindi kina usemi, "log kya kahenge", yaani watu watasemaje. Aliyelelewa Tanga hahitaji kufafanuliwa. Chukua *The God of Small Things* ya Arundhati Roy (1997). Ammu, mwanamke aliyeachika akarudi kwao Kerala, anapendana na Velutha, seremala wa tabaka la chini kabisa, la "wasioguswa". Anayetoboa siri ni baba mzazi wa Velutha. Mzee anakuja kwa mama yake Ammu mvua ikinyesha, analia, anachomoa jicho lake la kioo ambalo mama huyo ndiye aliyelilipia, analiweka kiganjani ili amrudishie. Kisha anajitolea kumuua mwanawe kwa mikono yake. Hakuna aliyemtuma.

*Gogol wa The Namesake ana majina mawili. Si unafiki?*

Hata kidogo. Wabengali wana *daknam* la nyumbani na *bhalonam* la shuleni na kwenye karatasi, kama kwetu mtoto anavyoitwa Mwana kwao na Mwanaisha darasani. Katika riwaya hiyo ya Jhumpa Lahiri (2003), barua ya bibi wa mama yake Gogol, yenye jina rasmi la mtoto, ilipotea njiani kutoka India kwenda Marekani, ndipo Gogol, jina la nyumbani, likaandikwa hadi kwenye karatasi. Baadaye kijana akaenda mahakamani akawa Nikhil. Nyumbani akabaki Gogol.

*Na waandishi wenyewe wanasalimika?*

Wapi! Mwandishi Ismat Chughtai alishtakiwa Lahore kwa uchafu katika hadithi yake ya Kiurdu, "Lihaaf" (1942): mke aliyetelekezwa na mume tajiri anapata faraja kwa mtumishi wake wa kike. Chughtai mwenyewe amesimulia kwamba shahidi alipotakiwa aonyeshe uchafu, alitaja maneno "kukusanya ashiki", yaani wapenzi. Wakili akauliza: kichafu ni kukusanya au ni ashiki? Akajibu ni ashiki. Ukiliondoa neno hilo, ushairi wa Kiurdu unabaki na nini? Na taarabu yetu je? Kesi ikatupwa.

Mwaka 2015 Perumal Murugan, Mtamil, alitangaza Facebook kwamba yeye kama mwandishi amekufa, baada ya watu wa eneo lake kuichachamalia riwaya yake ya mume na mke wasio na mtoto. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Madras ikampa haki, akarudi kuandika.

*Nianze na kipi?*

"Lihaaf". Kurasa chache tu, unamaliza kabla chai haijapoa.