Mwanangu anaziba masikio shuleni, mwalimu anasema ana kiburi

SWALI: Anti shikamoo. Naishi Tabata, kijana wangu ana miaka saba yuko darasa la pili. Tangu aanze shule ni kesi juu ya kesi, kengele ikigongwa anaziba masikio analia, kola ya shati anaivuta mpaka inachanika, soksi hataki kabisa, mstarini mwenzie akimgusa tu nyuma anageuka anapiga. Cha ajabu nyumbani huyohuyo anajirusha kwenye makochi na anataka nimkumbatie kwa nguvu. Mwalimu anasema ana kiburi, baba yake anasema fimbo ndo dawa, bibi yake anataka apelekwe kwa mtaalam akatolewe alichonacho. Nifanyeje?
Mama wa Tabata

JIBU: Marahaba mama, pole na heka heka. Kiburi sidhani, maana mtoto mwenye kiburi hahangaiki na soksi.

Kuna watoto wanaosikia na kuhisi vitu kwa kiwango tofauti na wenzao, masikio yenyewe yanaweza kuwa mazima kabisa ila ubongo ukishapokea ile sauti unashindwa kuipanga, kwahiyo kengele ya kugonga ringi ya gari kwake ni kama wewe ulazwe pembeni ya spika za kigodoro. Mambo haya aliyachambua sana mtaalamu mmoja wa Marekani, A. Jean Ayres, tangu miaka ya 1960, na alisisitiza kwamba tusihesabu macho, masikio, pua, ulimi na ngozi peke yake, kuna na taarifa zinazotoka kwenye misuli na viungo, na zile za sikio la ndani zinazotusaidia tusianguke.

Hapo ndo utaelewa kwanini anapiga mstarini halafu nyumbani anataka kubanwa. Kuguswa kidogo tena kwa ghafla, na mtu asiyemuona, mwili wake unapokea kama hatari, anajihami kabla hajafikiria. Kukumbatiwa kwa nguvu ni kitu amekiomba mwenyewe, anajua kinakuja, na ule mgandamizo unatuliza. Sasa hiyo fimbo ya baba inaongeza maumivu na woga kwa mtoto ambae tayari anaishi kwa kushtuka, mwambie baba taratibu akishakula.

Kabla ya yote nenda hospitali masikio na macho yakapimwe, sikio lenye maambukizi nalo linaweza kumfanya mtoto achukie kelele. Ulizia pia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anaemsaidia mtoto kwa michezo na shughuli za kila siku, hospitalini wanawaita OT, Muhimbili wapo, na KCMC kule Moshi ndo wanakosomeshwa. Lakini angalizo, madaktari wengi hawalihesabu tatizo hili kama ugonjwa unaojitegemea, mara nyingi linaambatana na usonji au utukutu uliopitiliza (ADHD), na kuna watoto wanalo bila chochote kingine, kwahiyo atakaekuuzia mafuta au dawa ya kulimaliza mkimbie. Na bibi muelezeni kwa heshima, anampenda mjukuu wake.

Sare ndo rahisi kuliko yote. Kata lebo ya shingoni, shati jipya lifue mara kadhaa kabla hajalivaa, soksi zigeuze ule mshono ukae nje. Shati la mtumba lililolainika ni bora kuliko jipya linalokwaruza.

Shuleni usiende na maneno mengi, mwalimu atakuona unamfundisha kazi. Wiki hii andika kwenye daftari ni saa ngapi analia na kulikuwa na nini, halafu omba kitu kimoja tu. Mimi ningeanza na mstari, asimame wa mwisho kabisa, nyuma asiwe na mtu. Ukiona imesaidia, omba kengele, yaani ahamishwe mbali na inapogongwa na mwalimu amtonye kabla haijalia, hata kumpa zamu ya kuigonga mwenyewe, maana kelele unayoipiga wewe haikutishi sana. Vya kuziba masikio avae muda wa fujo tu, akishinda navyo kutwa masikio yatazoea ukimya na kelele za kawaida ndo zitamshinda zaidi.

SWALI: Anti, mimi ni mwalimu Mbagala, darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Nasikia mtoto anaesumbuliwa na kelele na kuguswa atengewe kona tulivu darasani, hiyo kona nitaitoa wapi?
Mwalimu mwenye madawati machache

JIBU: Huna, na sikulaumu. Mtoto huyo mkalishe ukutani upande mmoja ili aguswe na mtu mmoja badala ya wawili, na mabango yaliyozunguka ubao punguza, macho yanachoka. Halafu mpe kazi nzito kabla ya somo gumu, abebe madaftari mpaka ofisini, afute ubao, asaidie kusogeza dawati, misuli ikifanya kazi mwili unatulia. Wakati mwingine darasa zima wasimame wasukume ukuta kwa viganja mpaka uhesabu ishirini, hata wasio na shida watakaa vizuri zaidi na hakuna atakaeonekana wa ajabu. Akianza kuziba masikio usisubiri alie, mtume kwa mwalimu jirani na karatasi, hata iwe haina kitu, kale kamwendo ka kwenda na kurudi kanamtosha.