Maadili ya kiongozi na Wakristo wa kiinjili wa Marekani

Je, Wakristo wa kiinjili wa Marekani wameamini tangu zamani kwamba dhambi za faragha za kiongozi hazigusi kazi yake? Hapana, imani hiyo si ya tangu zamani miongoni mwao. Mwaka 1998, kashfa ya ngono ya Rais Bill Clinton ikiwa imepamba moto, Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la kiinjili nchini humo, walipitisha azimio lililoonya kwamba kuvumilia uovu mzito wa viongozi huiua dhamiri ya jamii nzima, maneno ambayo bado yananichoma moyo. Kura za maoni za taasisi ya PRRI zinaonyesha mgeuko wenyewe: mwaka 2011 ni asilimia 30 tu ya wazungu wa kiinjili walioona kwamba mwenye mwenendo mchafu faraghani anaweza kuwa mwadilifu ofisini, lakini mwaka 2016, Trump akigombea, walifika asilimia 72. Hesabu hiyo haiwahusu Wakristo Weusi, ambao wengi wao huwapigia kura Wademokrati.